Mfuko wa Rosenwald na Mizani ya Waombaji, 1917–1948

Lugha yetu ina maneno mawili ya kutaja mali iliyotengwa kwa ajili ya wema. Neno la kwanza ni wakfu, lililotujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kusimama au kusimamisha. Shamba, nyumba au kisima kikiwekwa wakfu, shina lake haliuzwi wala haliridhiwi; yaliwa matunda yake tu, na hayo kwa masharti aliyoyaweka mwenye kutoa. Neno la pili ni mfuko. Mfuko hutiwa na hutolewa, na huweza kwisha. Siku hizi maneno haya hutumika bila kupambanuliwa tunapozitaja taasisi za hisani za Ulaya na Marekani. Makala haya yaeleza habari za taasisi moja ya Marekani ambayo, kwa maana halisi ya maneno hayo, ilikuwa mfuko wala haikuwa wakfu. Jambo linalochunguzwa ni namna ilivyoyapima maombi ya shule, ya vijana na ya wasanii.

Julius Rosenwald alizaliwa mwaka 1862 huko Springfield katika jimbo la Illinois, mwana wa Wayahudi waliohamia kutoka Ujerumani. Alitajirika kwa biashara ya Sears, Roebuck ya Chicago, iliyowauzia watu wa mashamba bidhaa kwa njia ya posta. Mwaka 1917 aliuanzisha Mfuko kwa jina lake, na kusudi lililoandikwa lilikuwa ustawi wa wanadamu. Mwaka 1928 aliukabidhi kwa baraza la wadhamini, rais wake akiwa Edwin Embree, akaweka sharti lililowashangaza wengi: mali yote, shina na matunda, itumike na kwisha katika muda usiozidi miaka 25 baada ya kufa kwake. Mwaka 1929 alizitangaza sababu zake katika jarida la Atlantic Monthly. Alishika kwamba wafu hawawezi kuyajua mahitaji ya watakaozaliwa, na kwamba kila kizazi kitakuwa na watoaji wake. Rosenwald alifariki Januari 1932, na Mfuko ukafungwa mwaka 1948, muda haujatimia.

Sharti hilo liliwatwika wapimaji mzigo mzito. Mwenye wakfu akikataa ombi jema mwaka huu, aweza kulikubali mwaka ujao, kwa kuwa matunda yatakuja tena. Mwenye mfuko unaokwisha hana faraja hiyo. Kila anachompa huyu hakitarudi kumfaa yule. Basi yafaa tuulize walipima kwa mizani gani.

Mizani ya kwanza ilitengenezwa kabla ya Mfuko wenyewe kuwapo. Mwaka 1910 Rosenwald aliahidi kuupa dola 25,000 mji wowote wa Marekani utakaochanga dola 75,000 za kujenga jumba la Y.M.C.A. kwa ajili ya vijana Weusi, ambao siku zile hawakuruhusiwa kuingia katika majumba ya Weupe. Mwaka 1912, alipotimiza miaka 50, aliipa chuo cha Tuskegee dola 25,000. Mkuu wa chuo, Booker T. Washington, aliomba ruhusa ya kutumia sehemu ya fedha hizo kujenga shule sita ndogo za vijijini katika jimbo la Alabama. Kutokana na shule hizo sita ulizaliwa mpango ulioendelea mpaka mwaka 1932, nao ukaacha majengo 5,357 katika majimbo 15 ya Kusini, yakiwamo nyumba za walimu na karakana.

Kipimo cha maombi ya shule kilikuwa wazi, hata mkulima aliweza kukifahamu. Kijiji kilitakiwa kuwa na kiwanja. Serikali ya mahali ikubali kuwa jengo ni mali ya umma na kuliendesha. Ramani ifuatwe, yenye kueleza hata madirisha yaelekee wapi ili mwanga uwafikie watoto. Na wenyeji watoe sehemu yao kwa fedha, kwa mbao au kwa nguvu za mikono. Aliyetimiza hayo alipata, na asiyetimiza alijua sababu. Hesabu za mwisho zastahili kusomwa kwa makini. Gharama yote ilipita dola milioni 28. Sehemu kubwa ilitoka katika kodi za umma. Mfuko ulitoa dola milioni 4.3 na zaidi kidogo. Waamerika Weusi wenyewe, wengi wao wakulima wasiokuwa na ardhi yao, walichanga dola milioni 4.7.

Mizani hiyo ilikuwa na sifa ya haki, kwa kuwa haikumtazama mtu usoni. Lakini ilikuwa na kasoro mbili. Wazee wa vijiji vile walikuwa wamekwisha lipa kodi kama raia wengine, na shule ilikuwa haki yao. Kwa kuchanga tena walilipa mara mbili kitu kimoja. Na kijiji kilichokuwa fukara kabisa, ambacho ndicho kilichohitaji shule zaidi, kilikuwa mbali zaidi na kulitimiza sharti.

Tangu mwaka 1928 Mfuko ulianza kutoa pia ruzuku kwa mtu mmoja mmoja: wanazuoni, waandishi, wachoraji, wanamuziki na wengineo, kwanza Weusi, na baadaye Weupe wa majimbo ya Kusini pia. Hapo mizani ya madirisha na kiwanja haikufaa tena. Kamati ilimtaka mwombaji aeleze mpango wake, alete watu wa kumshuhudia, na msanii aonyeshe kazi yake. Miongoni mwa waliosikilizwa sana alikuwa Charles S. Johnson wa Chuo Kikuu cha Fisk, mtaalamu Mweusi wa elimu ya jamii. Kuwapo kwake kwafaa kukumbukwa, kwa maana taasisi nyingi za zama zile zilipima maombi ya Weusi pasipo Mweusi hata mmoja katika chumba.

Tutazame mifano. Augusta Savage alikuwa mchongaji wa sanamu. Mwaka 1923 kamati ya Wamarekani iliyowachagua wanafunzi wa shule ya kiangazi ya Fontainebleau, Ufaransa, ilimkataa kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1929 Mfuko wa Rosenwald ulimpa ruzuku, akaenda Paris. Kilichomtetea ni sanamu ya kichwa cha mvulana wa mtaani aliyevaa kofia, iliyojulikana kwa jina la Gamin. Aliporudi Harlem alifungua karakana ya kuwafundisha vijana, na mwaka 1937 akawa mkuu wa kwanza wa Harlem Community Art Center. Mmoja wa vijana aliowasaidia aliitwa Jacob Lawrence. Savage alimpeleka katika ofisi ya serikali iliyowaajiri wasanii. Akaambiwa kijana hajatimiza umri. Mwaka uliofuata alimpeleka tena, naye akaandikwa. Hakuna mpango ulioandikwa mwaka 1929 ambao ungaliweza kuyabashiri hayo.

Mfano wa pili ni wa wanawake wawili, nao ndio unaofundisha zaidi, kwa sababu mambo yao yalihukumiwa na Mfuko ule ule karibu wakati ule ule. Katherine Dunham alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyetaka kuchunguza ngoma za visiwa vya Karibi. Yasimuliwa kwamba, alipoulizwa na kamati anakusudia kufanya nini, aliomba ruhusa ya kuwaonyesha badala ya kuwaeleza. Alicheza kwanza kwa mtindo uliofundishwa katika shule za Ulaya, kisha kwa mtindo wa ngoma zenye asili ya Afrika, wajumbe wapate kuona tofauti ambayo maneno yasingaliifikisha. Alipewa ruzuku. Baada ya kutayarishwa na Melville Herskovits wa Chuo Kikuu cha Northwestern, alisafiri mwaka 1935 kwenda Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti. Safari hiyo ilikuwa msingi wa kazi yake yote, na mwaka 1967, mjini East St. Louis, alianzisha chuo cha sanaa kwa ajili ya vijana wa mtaa maskini.

Zora Neale Hurston naye aliomba. Alikuwa amekwisha kusanya hadithi na desturi za Weusi wa Florida, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1934. Mwishoni mwa mwaka huo Mfuko ulimkubalia ruzuku ya miaka miwili, asomee shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia chini ya Franz Boas. Lakini mapema mwaka 1935 Embree hakuridhika na mpango wake wa masomo, na ruzuku ikapunguzwa ikawa ya miezi michache tu. Hurston hakuipata shahada ile. Mwaka 1936 alipata msaada wa taasisi nyingine, Guggenheim, akaenda Jamaika na Haiti, na huko Haiti akaandika kwa majuma saba tu riwaya ya Their Eyes Were Watching God, iliyochapishwa mwaka 1937 na ambayo leo yasomwa duniani kote.

Si haki kusema kwamba Embree alikosa sababu. Fedha zilikuwa zimepungua sana baada ya hisa za Sears kuanguka katika mdororo ulioanza mwaka 1929, na mlinzi wa mfuko unaokwisha ana wajibu wa kuuliza fedha zaenda wapi. Tofauti ilikuwa katika kitu kilichowekwa mizanini. Dunham alipimwa kwa kazi iliyoonekana kwa macho. Hurston alipimwa kwa ratiba ya kazi ijayo, hali kazi yake iliyokwisha fanyika ilikuwa mezani.

Jacob Lawrence aliyapata yote mawili. Alipoomba mwaka 1940 alikuwa na umri wa miaka 22, naye alikuwa amekwisha maliza picha 41 zinazoeleza maisha ya Toussaint L'Ouverture wa Haiti. Mpango wake mpya ulikuwa kusimulia kwa picha uhamaji wa Weusi kutoka Kusini kwenda miji ya Kaskazini. Ruzuku ilimwezesha kupanga chumba cha kufanyia kazi, na mwaka 1941 picha 60 zilikuwa tayari. Mwaka 1942 majumba mawili ya sanaa, moja la New York na moja la Washington, yalizigawana nusu kwa nusu. Huyu ndiye kijana aliyekuwa ameshikwa mkono na Savage. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ruzuku ya mwaka 1929 ilikuwa bado ikizaa mwaka 1941.

Mwombaji wa siku za mwisho alikuwa James Baldwin. Mwaka 1948 alipewa ruzuku kwa ajili ya kitabu juu ya makanisa madogo ya Harlem, yeye akiandika na rafiki yake akipiga picha. Kitabu hicho hakikutoka kamwe. Fedha zilizobaki alilipia nauli ya kwenda Paris, na mwaka 1953 ikatoka riwaya yake ya kwanza, Go Tell It on the Mountain, ambayo moyo wake ni kanisa dogo la Harlem. Kwa mizani ya mpango, ruzuku hiyo ilipotea. Kwa mizani ya kazi, ni vigumu kutaja dola zilizotumika vyema zaidi.

Kutokana na hayo twaona kwamba Mfuko ulihitaji mizani mbili, na kosa lilitokea pale ya kwanza ilipotumika mahali pa pili. Jengo laweza kupimwa kwa ramani, kwa sababu jengo hujulikana kabla halijajengwa. Riwaya haijulikani mpaka imekwisha andikwa. Mwenye kupima ombi la msanii hana shahidi mwema kuliko kazi iliyokwisha fanyika, na jicho la mtu aijuaye kazi hiyo.

Jambo hili latuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kwa njia isiyo ya mbali. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoizuru nchi yetu mwaka 1924, ilitoka katika jamii ile ile ya taasisi za Marekani zilizoshughulikia shule za Weusi wa Kusini, na Jeanes School ya Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa msaada wa fedha za Carnegie, ilichukua jina na utaratibu wake huko huko. Lakini kuna tofauti moja. Alabama wanakijiji wenyewe walikuwa waombaji. Kabete mazungumzo yalikuwa baina ya serikali ya kikoloni na watoaji, na wenye watoto hawakuitwa mezani. Leo vikundi vyetu vya maigizo, vya taarabu na vya vijana vyaandika maombi kwa taasisi za ng'ambo, na mara nyingi huulizwa kwanza juu ya mpango na matokeo yatarajiwayo. Kikundi chenye mwandishi hodari wa fomu chaweza kukishinda chenye waimbaji hodari.

Mwisho tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili mcha Mungu huomba, maskini huomba, atafutaye kazi huomba, na msanii atakaye ruzuku huomba pia. Wote ni waombaji, na shina ni moja na la ombaomba. Lugha yamweka chini mwenye kuleta karatasi kabla haijasomwa. Hesabu za shule za Rosenwald zatoa ushahidi mwingine. Wakulima wale walioitwa waombaji walitoa dola milioni 4.7, na aliyeitwa mtoaji akatoa milioni 4.3. Savage alileta sanamu, Dunham alileta ngoma, Lawrence alileta picha 41. Mwenye kuwapima watu wa namna hiyo na aanze kwa kuuliza wameleta nini, ndipo aulize wanataka nini.