Kovu la Mkono wa Kushoto: Historia ya Kipimo cha Ngozi Chini ya Mlima Kenya

Kovu dogo la mviringo kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ni alama waliyo nayo wakazi wengi wa Nyeri, Karatina, Kerugoya na Chuka waliozaliwa baada ya mwaka 1980, Kenya ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa chanjo. Kovu hilo huachwa na chanjo ya kifua kikuu, iitwayo BCG, nalo ni ushahidi kwamba seli za kinga, yaani askari wa mwili walio katika damu, ziliwahi kufika mahali hapo na kupigana.

Elimu ya kusoma ushahidi huo ilianza kwa kosa. Robert Koch, aliyetangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amewagundua bakteria wa kifua kikuu, alitoa mwaka 1890 dawa iliyokuja kuitwa tubakulini, iliyotengenezwa kwa bakteria hao. Haikuponya, lakini miili ya wagonjwa iliipokea kwa homa kali. Mwaka 1907, Koch akiwa katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, akichunguza malale, Clemens von Pirquet wa Vienna alionyesha kwamba tone la tubakulini likipakwa kwenye ngozi iliyokwaruzwa huvimbisha ngozi ya aliyewahi kuambukizwa. Mwaka uliofuata, Charles Mantoux wa Ufaransa aliichoma ndani ya ngozi kwa sindano, na njia yake ndiyo itumikayo hadi leo.

Muuguzi huchoma mililita 0.1 upande wa ndani wa mkono, hata kijipele cheupe kikainuka na kutoweka baada ya muda mfupi. Baada ya saa 48 hadi 72 hupapasa mahali pale kwa ncha za vidole na kupima upana wa uvimbe mgumu, wala si wekundu wake. Kuchelewa huko kuna sababu: seli T, ambazo huukumbuka ugonjwa, lazima zitoke katika damu, ziitambue protini ya bakteria, kisha zitoe kemikali za kuziita makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu. Mwaka 1945 Merrill Chase alithibitisha kwa simbilisi kwamba hali hii huhamishwa na seli zenyewe, na mwaka 1961 Jacques Miller akaonyesha kwamba tezi iliyo kifuani, iitwayo thaimasi, ndiyo chimbuko la kinga ya aina hiyo.

Katika miteremko ya mlima, tiba ya hospitali ilitangulia kufika kwa mikono ya wamisionari: Waskoti huko Tumutumu, kituo kilichoanzishwa mwaka 1908, Waconsolata huko Mathari, na Chogoria kuanzia mwaka 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shirika la Afya Duniani lilitumia kipimo cha tubakulini katika uchunguzi wa kifua kikuu nchini Kenya. Virusi vya Ukimwi, vilivyotambuliwa nchini mwaka 1984, vilikitia kipimo hicho doa, kwa kuwa huziua seli T, na mkono wa mgonjwa mahututi ukaweza kubaki bapa kana kwamba hana maambukizi. Ndiyo maana uvimbe wa milimita 5 huhesabiwa kuwa dalili kwa anayeishi na virusi hivyo, ilhali kwa wengi wengine huhitajika milimita 10.

Uvimbe, basi, ni kumbukumbu ya maambukizi wala si hukumu ya ugonjwa, na hata chanjo yenyewe huweza kuusababisha. Ugonjwa huthibitishwa kwa makohozi na picha ya kifua. Bakteria husafiri hewani, nayo baridi ya Juni na Julai huwafanya watu wa Nyeri kufunga madirisha. Yafunguliwe mchana, mtoto apate chanjo mara azaliwapo, na anayekohoa kwa wiki mbili aende kupimwa, kwa maana matibabu ya kifua kikuu katika hospitali za umma nchini Kenya hayalipiwi.