Hofu ya Kiti cha Meno katika Shule za New Zealand

Watoto wa New Zealand wa karne ya 20 waliipa kliniki ya meno ya shuleni kwao jina la kutisha: nyumba ya mauaji. Jina hilo lilienea nchi nzima, wadogo wakilirithi kwa wakubwa wao kabla hata hawajakalia kile kiti.

Huduma yenyewe ilizaliwa kwa nia njema. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefichua jinsi meno ya vijana walioandikishwa jeshini yalivyooza. Thomas Hunter, mkuu wa tiba ya meno katika Idara ya Afya, akapendekeza wanawake wafunzwe kwa miaka miwili kuwa wauguzi wa kuziba na kung'oa meno ya watoto. Mafunzo yalianza Wellington mwaka 1921, na baadaye nchi nyingine ziliiga mpango huo, Malaya ikiwamo.

Kilichotisha zaidi ni keekee. Kwa miaka mingi muuguzi aliiendesha kwa mguu, akikanyaga pedali kama fundi cherehani. Ilizunguka polepole, ikatetemesha taya na kunguruma hadi ndani ya masikio. Tena meno mengi yalizibwa bila ganzi, kwa hiyo mtoto alisikia kila mzunguko. Kungoja nako kulikuwa adhabu: aliyemaliza ndiye aliyetumwa darasani kumwita anayefuata, na darasa zima lilinyamaza kusikia ni zamu ya nani. Haikuwa haki kuwaita watoto hao waoga, kwani walichokiogopa kilikuwepo kweli.

Wala wauguzi hawakuwa wakatili. Wengi walikuwa wasichana waliofanya kazi peke yao, na waliwatengenezea watoto vinyago vya nyuki kwa vipande vya pamba ili kuwatuliza.

Nafuu ililetwa kwanza na ufundi. Mwaka 1949 John Walsh wa Dunedin alibuni keekee inayozungushwa kwa hewa; mwaka 1957 John Borden wa Marekani akaingiza sokoni aina yake yenye kasi kubwa, isiyotetemesha sana. Mji wa Hastings nao ulianza kutia floridi katika maji mwaka 1954 ili kupunguza kuoza kwa meno. Ganzi nayo ikawa jambo la kawaida, na wahudumu wakafundishwa kumweleza mtoto kwanza, kumwonyesha kifaa, ndipo watibu.

Watafiti wa Dunedin, wanaofuatilia maisha ya watu 1,037 waliozaliwa huko mwaka 1972 na 1973, wamechunguza pia hofu hiyo. Waliona kwamba wenye hofu ya kudumu huchelewa kutibiwa, na meno yao huharibika zaidi.