IFAHAMU NAMBA RSA-2048, KIPIMO CHA USALAMA WA MAWASILIANO YA MTANDAONI

RSA-2048 ni namba nzima yenye tarakimu 617, inayoanza na 25195908 na kuishia na 357. Ilitangazwa mwaka 2001 na maabara ya kampuni ya RSA ya Marekani, pamoja na zawadi ya Dola za Marekani 200,000 kwa atakayetaja namba tasa mbili ambazo zao lake ni namba hiyo. Shindano lilifungwa mwaka 2007 bila zawadi hiyo kuchukuliwa, na vigawo hivyo havijawahi kutangazwa.

Namba tasa, kama tulivyofundishwa shuleni, haigawanyiki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 91 si tasa, kwa kuwa ni zao la 7 na 13. RSA-2048 imeundwa vivyo hivyo, ila kila kigawo chake kina tarakimu zaidi ya 300.

Wengi hudhani kwamba ili kujua namba si tasa ni lazima kwanza kuvipata vigawo vyake. Sivyo. Mfaransa Pierre de Fermat alieleza mwaka 1640 kanuni ambayo kwayo, kwa namba tasa yoyote kubwa kuliko 2, namba 2 ikipandishwa kwa kipeo kilicho pungufu kwa 1, kisha jibu likagawanywa kwa namba hiyo, baki huwa 1. Kwa 7, 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, na baki ni 1. Kwa 91, baki ni 64. Hivyo 91 si tasa, ingawa hesabu hiyo haikutaja 7 wala 13. Kompyuta ya kawaida huikamilisha hesabu ya namna hiyo kwa RSA-2048 kwa muda mfupi mno.

Pengo hilo si geni. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba 147573952589676412927 si namba tasa, bila kukijua hata kigawo kimoja. Ni mwaka 1903 ambapo Frank Nelson Cole alionesha kuwa ni 193707721 mara 761838257287.

Mfumo wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, umejengwa juu ya pengo hilo. Zao la namba tasa mbili hutangazwa ili yeyote aweze kufunga ujumbe. Kuufungua kunahitaji siri inayotokana na vigawo. Ieleweke kuwa RSA-2048 yenyewe hailindi akaunti ya mtu yeyote. Ni kipimo tu, lakini namba za ukubwa huohuo hutumika katika vyeti vya kidijitali vya tovuti nyingi duniani.

Kipimo hicho kimekuwa kikisogea. Namba ya tarakimu 129 iliyotolewa mwaka 1977 ilichanganuliwa mwaka 1994 kwa msaada wa watu wa kujitolea wapatao 600. Ile ya tarakimu 232 ilifuata mwaka 2009. Februari 2020 ilikuwa zamu ya tarakimu 250, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka takriban 2,700. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuwa imekwisha kuelekeza kwamba funguo za biti 1024, sawa na tarakimu 309 hivi, zisitumike kutia saini za kidijitali baada ya mwaka 2013.

Tishio kubwa zaidi ni kompyuta za kwanta. Peter Shor alionesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya aina hiyo, ikiwa kubwa vya kutosha, ingevipata vigawo kwa haraka. Haijaundwa bado. Hata hivyo, Agosti 2024 NIST ilitoa viwango vipya visivyotegemea ugumu wa kutafuta vigawo, kwa sababu ujumbe unaonaswa leo ukiwa umefungwa unaweza kuhifadhiwa na kufunguliwa miaka mingi baadaye. Kwa ujumbe wa miadi ya kesho hilo si neno; kwa taarifa za matibabu za mtoto aliyezaliwa mwaka huu, ni jambo jingine.