Upandaji Farasi wa Tiba kwa Watu Wazima Wenye Ulemavu
Upandaji farasi wa tiba ni mazoezi yanayofanywa na mtu mwenye ulemavu juu ya farasi aliyefunzwa, chini ya uangalizi wa mkufunzi na wasaidizi. Farasi atembeapo polepole, mgongo wake huisogeza nyonga ya mpandaji mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, karibu sawa na nyonga ya mtu atembeaye kwa miguu. Misuli ya kiuno na tumbo hulazimika kutafuta mizani, hata kwa asiyeweza kusimama.

Huduma hii ilipata umaarufu kupitia Lis Hartel wa Denmark, aliyeugua polio mwaka 1944 na kubaki amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952 mjini Helsinki alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki, ingawa alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Mashindano ya farasi yamekuwemo katika Paralimpiki mfululizo tangu mwaka 1996.

Hata hivyo, mazoezi haya hayaondoi ulemavu, wala hayamfai kila mtu. Mwenye uti wa mgongo usio imara, mifupa dhaifu au kifafa kisichodhibitiwa anaweza kuumia vibaya. Kwa mtu mzima uzito nao huzingatiwa, kwa usalama wa farasi na wa wasaidizi wanaotembea ubavuni, ambao ndio humdaka anapoteleza. Ushauri wa daktari hutafutwa kabla ya siku ya kwanza.