Mdomo sungura hautokani na mwezi wala kisu

Mtoto wa kaka yangu alipozaliwa, sikuuliza kwanza uzito wake wala jina lake. Nilichosikia ni sauti ya mamangu akimuuliza wifi yangu, naye bado yuko kitandani: "Ulikata nini usiku ule mwezi ulipopatwa?" Mtoto alikuwa na mdomo sungura. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka upande wa kushoto hadi puani, na kaakaa nalo lilikuwa wazi. Wifi hakujibu. Nilikuwapo, nikanyamaza, na aibu ya kunyamaza huko ndiyo iliyonisukuma nianze kuuliza na kusoma.

Gusa chini ya pua yako, pale penye kijifereji kinachoshuka hadi mdomoni. Kingo zake mbili ni alama za maungio. Uso wa mwanadamu hujengwa kwa vipande vinavyotoka mbele na kando, vikakutana na kushikana. Mdomo hukamilika kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vipande visiposhikana kwa wakati wake, pengo hubaki. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kwamba ni waja wazito.

Basi nikahesabu. Usiku ule wa mwezi wifi alikuwa na mimba ya miezi 5. Hata kama alikata samaki, nguo au muhogo, mdomo wa mwanawe ulikuwa umeshamaliza kujengwa miezi mitatu nyuma.

Duniani, mtoto mmoja hivi kati ya 700 huzaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka, kwa hivyo si jambo la nadra kama tunavyodhani. Huonekana nadra kwa sababu watoto hawa hufichwa.

Kwa nini lakini vipande visishikane? Sehemu kubwa ya majibu imetoka Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambako shule ya udaktari wa meno ina watafiti wa maumbile ya uso na mdomo. Wapo watakaoshangaa daktari wa meno anatafuta nini huko. Ukweli ni kwamba mtoto huyu atamhitaji daktari wa meno tangu utotoni hadi ukubwani. Jino la karibu na ufa huweza kukosekana au kuota upande, na akifika kati ya miaka 8 na 11 mara nyingi huhitaji kupandikizwa mfupa kwenye ufizi ili chonge lipate pa kuotea.

Mwaka wa 2002, watafiti waliokuwamo Jeffrey Murray na Brian Schutte wa chuo hicho walitangaza kwamba wameipata jeni inayoitwa IRF6. Kilichowasaidia ni pacha wa kufanana, mmoja akiwa na ugonjwa wa Van der Woude na mwenzake hana. Ugonjwa huo huleta mpasuko wa mdomo au kaakaa, na mara nyingi vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini. Wenye nao humpitishia kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kuna wazazi wasio na mpasuko wowote, wana vile vishimo tu, na hawajui kwamba vina maana. Mzazi huyo anaweza kuwa baba. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuutazama mdomo wa baba.

Kwa muda mrefu vinasaba vilivyochunguzwa vilikuwa zaidi vya watu wa asili ya Ulaya na Asia. Azeez Butali, daktari wa meno kutoka Nigeria anayefundisha Iowa, alishirikiana na wenzake wa Nigeria, Ghana na Ethiopia kukusanya sampuli za watoto wenye mpasuko na za wazazi wao. Mwaka wa 2019 walitangaza sehemu mbili mpya zinazohusiana na mpasuko wa kaakaa, moja karibu na jeni ya CTNNA2 na nyingine karibu na SULT2A1. Waafrika tuna tofauti nyingi za vinasaba kuliko watu wa bara lolote, na atakayetafuta chanzo bila kutuangalia atakuwa ameacha chumba kikubwa zaidi cha nyumba. Kenya haikuwamo katika nchi hizo tatu. Natamani iwemo.

Jeni pekee hazimalizi hadithi. Kuvuta sigara, kisukari kilichokuwapo kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa kama valproeti huongeza hatari. Mwenye kifafa asiache dawa kwa hofu. Amwone daktari kabla ya kushika mimba, ili ikibidi abadilishiwe.

Sasa niseme lililotuuma zaidi. Tulipotoka hospitalini tulipewa chupa ya kawaida na kuambiwa mtoto atazoea. Hakuzoea. Mtoto mwenye mdomo uliopasuka peke yake mara nyingi huweza kunyonya, lakini kaakaa likiwa wazi hawezi kuvuta, kwa kuwa hewa hupita puani. Alikuwa akihangaika titini nusu saa, analala kwa uchovu, nasi tukidhani ameshiba. Alipungua hadi ngozi ikamlegea. Aliyetuokoa ni muuguzi wa zahanati ya jirani aliyemfundisha wifi kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketishwa wima, kidogo kidogo, na kumcheulisha mara kwa mara kwa sababu humeza hewa nyingi. Ni maelezo ya dakika kumi. Yangetolewa siku ya kwanza.

Upasuaji wa mdomo hufanywa mtoto akiwa na miezi 3 au zaidi, bora awe na uzito na damu ya kutosha, na ndiyo maana kumlisha huja kabla ya yote. Kaakaa hufungwa mara nyingi akikaribia mwaka mmoja, kabla hajaanza kusema, la sivyo maneno yatapitia puani. Masikio nayo yaangaliwe, maana maji hujikusanya ndani na kupunguza usikivu. Smile Train hulipia upasuaji huu katika hospitali washirika hapa nchini, na Operation Smile ilianza kuja Kenya mwaka wa 1987, kwa hivyo ulizia kabla hujauza mbuzi.

Mtoto wetu alishonwa mdomo akiwa na miezi 5. Kaakaa bado linasubiri. Juzi wifi ameuliza kama mtoto wa pili naye atazaliwa hivyo, na safari hii mamangu ndiye aliyeshika tochi tukimkagua kaka mdomo wa chini, kisha tukamkagua wifi. Hatukuona vishimo. Wazazi wasio na mpasuko wakishapata mtoto mmoja mwenye nao, uwezekano wa anayefuata ni kama 2 hadi 5 kwa kila 100. Wifi alisema hiyo anaiweza.