Gia ya Lami na Gia ya Mlima

Juu ya meza yangu ya kuandikia kuna gurudumu dogo la chuma lenye meno 13. Wajukuu hudhani ni pambo. Mimi hulitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo, lakini sikuliweka hapo kwa ajili ya upepo. Lilitoka katika difu ya gari la mpwa wangu, na mimi ndiye niliyemshauri alitie. Habari hii nimewasimulia watu wachache. Leo naiandika kwa sababu vijana wengi wa Karatu na Arusha wanaunda magari ya porini, na kila niwasikiapo wakibishana juu ya difu na matairi, humkumbuka utingo mmoja anayechechemea.

Nilizaliwa mwaka 1951, Karatu ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Land Rover na mimi tunakaribiana umri, kwani ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilipoundwa mwaka 1959, nilikuwa mtoto wa miaka minane, na magari hayo yalipita kwetu yakipanda mlimani. Tuliyajua kwa sauti kabla hatujayaona. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu; kiangazi ilitujaza vumbi, masika ilinata kama ugali mbichi. Basi lilikwama, lori lilikwama, Land Rover ikapita polepole ikinguruma. Sisi watoto tuliamini kwamba ina injini kubwa kuliko magari yote.

Haikuwa hivyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu Marangu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, dereva mmoja alinieleza kwamba injini ya dizeli ya gari lile, yenye lita 2.25, ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu, au pungufu kidogo. Kisha akanionyesha mkono mfupi wenye kichwa chekundu, kando ya mkono wa gia za kawaida. "Nguvu iko hapa, Mwalimu," akasema. Wakati huo sikuwa mwalimu bado, nikafurahi kuitwa hivyo kuliko nilivyofurahia somo lenyewe.

Mwalimu hata akistaafu haachi kufundisha, basi msomaji anivumilie kidogo. Injini huzunguka haraka, gurudumu huzunguka polepole, na kati yao kuna meno yanayobadilisha haraka kuwa nguvu. Katika Land Rover za wakati ule meno hayo yalikuwa katika vituo vitatu. Kwanza giaboksi ya kawaida. Pili kisanduku cha gia kilicho nyuma yake, ambacho ule mkono mwekundu hukibadilisha kutoka gia nyepesi hadi gia nzito. Tatu difu, iliyo katikati ya ekseli, ambamo gurudumu dogo la meno 10 lilizungusha gurudumu kubwa la meno 47. Ukiingiza namba moja katika gia nzito, ukazidisha vituo vyote vitatu, unapata kama 40. Yaani injini huzunguka mara 40 ndipo tairi lizunguke mara moja.

Hesabu hiyo ina maana kubwa zaidi mtu anaposhuka kuliko anapopanda. Sakafu ya kreta ya Ngorongoro iko mita 600 hivi chini ya ukingo, na magari yasiyovuta kwa magurudumu yote manne hayaruhusiwi kuteremka humo. Anayeteremka mteremko wa namna ile kwa kukanyaga breki tu atazichemsha hadi zikatae. Anayetia gia nzito huzuiwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, gari lenye hesabu ya 40 huenda kilometa saba na nusu hivi kwa saa, mwendo wa mtu aliyeharakisha hatua. Mguu wa breki unapumzika.

Kwa miaka mingi meno hayo yalitutosha, kwa sababu hatukuwa na mahali pa kukimbilia. Barabara ya kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu hadi kwetu ilikuwa mashimo na vumbi. Gari lenye difu ya meno 10 kwa 47 likifika kilometa 60 au 70 kwa saa hupiga kelele hata abiria wasisikilizane, lakini nani angekwenda kasi kuliko hiyo katika barabara ile? Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Japani, lami ikajengwa kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mgonjwa aliyekuwa akirushwarushwa kutwa nzima sasa alifika Arusha kwa saa chache.

Mpwa wangu alikuwa na Land Rover ya mwaka 1969, ya kimo kirefu cha chesisi, aliyoinunua kwa jasho lake. Alibeba mahindi kutoka Karatu kuwapelekea wafugaji wa upande wa Endulen, na akirudi alikwenda Arusha kutafuta spea na bidhaa. Katika lami magari yote yalimpita. Mwaka 2005 akasikia kwamba difu za Range Rover, lile gari la kifahari lililotoka mwaka 1970, huingia katika ekseli za gari lake. Hizo zina meno 13 kwa 46. Akaja nyumbani na karatasi. "Mjomba, wewe ni mtu wa hesabu. Nifanyie."

Nilifanya. Kwa difu ya zamani shafti inayoingia ndani yake huzunguka mara 4.7 kwa zunguko moja la tairi. Kwa hiyo mpya, mara 3.54. Nikagawanya, nikapata 1.33. Nikamwambia: "Mpwa, utaongeza theluthi ya mwendo bila kugusa injini. Pale ulipokwenda 60 utakwenda 80." Nilijivuna kama mwanafunzi aliyepata mia kwa mia.

Fundi wetu, mzee wa Kiiraqw aliyefungua Land Rover nyingi kuliko madaftari niliyosahihisha, hakufurahi. Aliuliza kama tunabadilisha mbele na nyuma, tukasema ndiyo, maana difu mbili zisizolingana hupigana zenyewe kwa zenyewe mara magurudumu manne yanapovuta pamoja. Hapo aliridhika. Kisha akauliza: "Na mlimani je?" Nikamjibu kwamba gia nzito bado ipo, hatukuigusa. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mwalimu, mnauza mlima mnunue lami." Nilicheka. Nilikuwa mwalimu mkuu, naye hakumaliza darasa la saba.

Msomaji ameshaona kosa langu. Gia nzito hatukuigusa, lakini difu ni mojawapo ya vituo vitatu, na ukipunguza kituo kimoja umepunguza jumla. Ile 40 ilikuwa imekuwa 30. Kwa mizunguko ileile 2,000, gari sasa lilishuka kilometa 10 kwa saa badala ya saba na nusu. Nilipiga hesabu ya tambarare, sikupiga ya mteremko, ingawa nimeishi maisha yangu yote chini ya mlima.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya sifa. Kilichotushangaza ni kwamba katika kupanda kutoka Mto wa Mbu gari lilichoka mapema, likataka gia ya chini kuliko zamani, lakini tulisema ni uzee wa injini. Kisha ikaja siku ya mvua. Gari lilikuwa na magunia 10 ya mahindi na utingo ameketi juu yake. Waliposhuka kutoka ukingoni kuelekea upande wa Malanja, mpwa wangu alitia gia nzito, namba mbili, kama alivyozoea miaka yote. Zamani namba mbili ilimshika. Siku ile haikumshika. Gari likaongeza mwendo, akakanyaga breki, zikapata moto. Akaona ashushe namba moja. Katika Land Rover za umri ule namba moja haiingii kwa hiari gari likiwa linakwenda. Alikanyaga klachi, akatoa namba mbili, namba moja ikakataa, na kwa sekunde chache gari lililojaa tani nzima likawa halina gia wala breki.

Aliligonganisha na ukingo wa barabara kwa makusudi, na kwa kufanya hivyo aliokoa watu wote. Lakini utingo alirushwa pamoja na magunia, akavunjika mguu mahali pawili. Alikuwa na miaka 19. Niliwahi kumfundisha hesabu.

Nilipokwenda kumwona hospitalini nilimweleza kwamba kosa lilikuwa langu. Alinitazama kwa heshima ile ya mwanafunzi kwa mwalimu, akasema, "Hapana, Mwalimu, ni bahati mbaya." Heshima hiyo iliniumiza kuliko kama angenilaumu.

Baadaye nikajifunza jambo ambalo lingetosha kunizuia. Watengenezaji wenyewe walipotoa Land Rover mpya ya One Ten mwaka 1983, waliweka difu hiyohiyo ya 3.54 ili gari liende vizuri katika lami. Lakini hawakuishia hapo. Waliiongezea uzito gia nzito katika kile kisanduku cha pili, hata namba moja ikabaki na hesabu ya 42 hivi. Walichopunguza huku walikirudisha kule. Mimi nilichukua nusu ya kazi yao nikaiita akili.

Leo wageni wengi wanateremka kreta kwa Land Cruiser zilizokatwa na kurefushwa katika gereji za Arusha. Zina injini bora na breki bora, lakini hesabu ni ileile. Kijana anayeweka tairi lililozidi kimo kwa sehemu moja ya kumi amebadilisha difu bila kujua: ya 4.1 hufanya kazi kama ya 3.7. Ongeza uzito wa paa, viti na abiria, kisha uniambie nini kitamzuia mlimani. Kama anataka tairi kubwa, atafute na difu ya kulifidia, ya mbele na ya nyuma, kabla hajapaka gari rangi.

Mzee fundi alirudisha meno 10 kwa 47, hakutoza gharama, na hakunikumbusha maneno yake. Mpwa wangu aliendelea kupitwa na magari ya lami hadi alipoliuza gari. Utingo sasa ana duka la nafaka karibu na soko la Karatu. Tukikutana husimama kuniamkia, nami humwomba akae, maana naona jinsi anavyoinuka.