Klabu maskini iliyolima wachezaji wake

Oktoba 1942, St. Louis Cardinals waliichapa New York Yankees mechi nne kwa moja na kutwaa World Series, ubingwa wa besiboli wa Marekani. Yankees walikuwa mabingwa watetezi na matajiri wa mchezo huo. Cardinals walikuwa wapangaji tu katika uwanja wa majirani zao. Hata hivyo karibu kikosi chao chote, akiwemo Stan Musial aliyekuwa na miaka 21, kililelewa na klabu yenyewe tangu ligi za chini. Aliyeusuka mpango huo alikuwa mwanasheria wa ofisini, Branch Rickey.

Rickey alizaliwa Ohio mwaka 1881. Uchezaji wake haukuwa wa kujivunia: mwaka 1907, akiwa mdakaji wa New York Highlanders, wapinzani walimwibia vituo 13 katika mechi moja, wakikimbilia kituo kinachofuata bila yeye kuwazuia. Akaenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha Michigan, akarudi kwenye besiboli kama kiongozi, na mwaka 1917 akakabidhiwa Cardinals.

Aliikuta klabu ikielemewa na madeni. Enzi hizo klabu za ligi ndogo zilijitegemea, na zile kubwa zilikwenda kwao kununua vipaji. Rickey alikuwa na jicho kali, lakini alipoulizia bei ya kijana fulani, mwenye klabu alitambua kwamba ana lulu mkononi, akaipeleka kwa matajiri wenye dau nono zaidi. Jicho la Rickey likawa linawafanyia kazi wengine bila malipo.

Mlango ulifunguka mwaka 1920. Sam Breadon, mfanyabiashara wa magari aliyekuwa ameshika usukani wa klabu, aliuza uwanja wao wa zamani kwa takriban dola 275,000 na kuhamia Sportsman's Park, uwanja wa St. Louis Browns. Fedha hizo zikasaidia kununua hisa katika klabu za chini, zikiwemo za Houston, Fort Smith na Syracuse. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa mashamba. Vijana waliitwa kwenye majaribio kwa mamia. Waliofaa walisajiliwa kwa pesa kidogo, wakaanzia daraja la chini na kupanda ngazi moja moja huku wakifundishwa kwa mtindo uleule. Wachache walifika juu. Waliozidi mahitaji waliuzwa, na Rickey alichukua asilimia yake. Nyota naye aliuzwa kabla makali hayajaisha, wakati bei yake bado iko juu.

Kwenye benchi Rickey hakung'ara, na mwaka 1925 Breadon alimpa Rogers Hornsby kazi ya kuongoza timu. Mwaka uliofuata Cardinals wakatwaa ubingwa wao wa kwanza wa World Series, kisha wakaurudia mwaka 1931 na 1934. Kufikia mwaka 1940 walimiliki au kudhibiti klabu zaidi ya 30, zenye wachezaji zaidi ya 600.

Gharama ya mafanikio hayo aliibeba mchezaji. Mkataba wa wakati ule ulimfunga kwa klabu mpaka yenyewe iamue kumwachia, hivyo mwenye kipaji angeweza kusota chini miaka mingi kwa sababu tu nafasi yake juu ilikuwa na mtu. Mwaka 1938 kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliwaachia huru zaidi ya 70 kati ya wachezaji wa mashamba ya Cardinals. Mfumo ukayumba kidogo, lakini haukuanguka.

Mwishoni mwa 1942 Rickey alihamia Brooklyn Dodgers. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, klabu nyingine zilipopunguza usajili wa vijana, yeye aliuongeza. Kisha akageukia kundi ambalo Ligi Kuu ilikuwa imelifungia mlango: wachezaji weusi. Jackie Robinson alisajiliwa mwaka 1945, akapitia klabu ya chini ya Montreal, na Aprili 15, 1947 akashuka dimbani Brooklyn. Roy Campanella na Don Newcombe wakafuata. Rickey alizungumzia haki kama Mmethodisti mcha Mungu, lakini hesabu pia zilikuwapo: Kansas City Monarchs, klabu ya weusi aliyoichezea Robinson, hawakulipwa hata senti. Mwaka huohuo wa 1947 alimwajiri mtakwimu Allan Roth, akaanza kumpima mpigaji kwa mara anazofika kituoni, si kwa mapigo yake pekee.

Mavuno mengi yalikuja mpandaji akiwa ameshaondoka. Cardinals walitwaa tena ubingwa mwaka 1944 na 1946. Brooklyn waliupata mwaka 1955, miaka mitano baada ya yeye kwenda Pittsburgh. Huko Pirates walipoteza mechi 112 msimu wa 1952, na Rickey akaacha umeneja mkuu mwaka 1955. Lakini Roberto Clemente, ambaye mwaka 1954 walimchukua kutoka mikononi mwa Dodgers, aliwasaidia kubeba kombe mwaka 1960.

Leo klabu zote 30 za Ligi Kuu zina mashamba yao, na maskauti wanafika mbali: mwaka 2022 Dodgers, ambao sasa wako Los Angeles, walisajili vijana wawili kutoka Uganda. Kilichovunjika ni kile kifungo cha mkataba. Msuluhishi alikikata mwaka 1975, na sasa mchezaji akitimiza miaka sita Ligi Kuu, mkataba wake ukiisha, yuko huru kwenda anakotaka. Klabu inayolea kijana inajua itakuwa naye misimu michache tu, kisha itabidi imlipe anachostahili au imwone akivaa jezi ya mwingine.